Ngome Yenye Malango 14

Kusini mwa nchi ya Austria liko jimbo liitwalo Carinthia. Katika jimbo hilo, si mbali na mji wa Sankt Veit, umesimama mwamba mkubwa peke yake katikati ya mashamba. Mwamba huo wainuka kiasi cha mita 150 na zaidi, na juu ya kilele chake ipo ngome ya kale iitwayo Hochosterwitz.

Jina la mahali hapo laonekana kwanza katika hati ya mwaka 860. Baadaye ngome ilishikwa na ukoo wa mabwana wa Osterwitz kwa vizazi vingi. Lakini kati ya miaka ya 1473 na 1483 majeshi ya Waturuki yaliingia Carinthia mara kwa mara. Vijiji vilichomwa moto, mifugo ikatekwa, na watu wakachukuliwa mateka. Ndipo ilipodhihirika kwamba ukuta mmoja, hata uwe mnene namna gani, hautoshi kuokoa roho za watu.

Mwaka 1571 ngome ilinunuliwa na Georg Khevenhüller, aliyekuwa liwali wa jimbo hilo. Yeye ndiye aliyeipa sura iliyo nayo hata leo. Njia ya kupandia, yenye urefu wa mita 620, huuzunguka mwamba kama nyoka ajizongaye mtini, na juu ya njia hiyo yamejengwa malango 14. Kila lango lina jina lake, kama vile Lango la Malaika, Lango la Simba na Lango la Silaha. Na kila moja lilipangwa kwa namna yake ya ulinzi. Penginepo pana daraja la kuinuliwa juu ya shimo; penginepo pana matundu ya kupigia bunduki.

Maana ya mpango huo ni hii: adui aliyevunja lango la kwanza hakuwa ameshinda, bali alikuwa ameingia katika njia nyembamba, huku walinzi wakimpiga kutoka juu, na lango jingine likimngoja mbele. Tangu malango hayo yajengwe, hakuna adui aliyeiteka ngome hiyo kwa nguvu.

Wenyeji husimulia pia hadithi ya zamani zaidi. Yasemekana kwamba bibi mmoja mtawala, Margarete Maultasch, aliizingira ngome hata chakula kikakaribia kwisha kabisa. Waliokuwa ndani wakamchinja ng'ombe wao wa mwisho, wakamjaza nafaka iliyosalia, wakamtupa chini. Adui walipoona chakula kinatupwa hivyo, walidhani ghala zimejaa, wakaenda zao. Wanahistoria hawaisadiki hadithi hiyo. Lakini yaeleza vema kwamba njaa, kuliko mizinga, ndiyo iliyoogopwa na watu waliozingirwa.

Katika ngome limo bamba la marumaru la mwaka 1576, ambalo Georg Khevenhüller aliandikisha matakwa yake kwamba ngome isitoke mikononi mwa ukoo wake. Usia huo umetimizwa: ukoo wa Khevenhüller ungali ukiimiliki. Siku hizi malango yote 14 huwa wazi kwa wageni, nao huyapita moja baada ya moja bila kuulizwa na mlinzi wanakotoka.