Dola 61, halafu 122, halafu 244: hesabu ya kuiaga Windows 10

Dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza. Dola 122 mwaka wa pili. Dola 244 mwaka wa tatu. Hiyo ndiyo bei ambayo Microsoft imeziwekea kampuni na ofisi zinazotaka kuendelea kupata viraka vya usalama vya Windows 10 baada ya tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo huduma ya kawaida ya mfumo huo ilifungwa. Miaka mitatu inafika dola 427 kwa mashine moja. Bei hupanda maradufu kila mwaka, na anayechelewa hapati nafuu yoyote: ukiingia mwaka wa pili, unadaiwa na ule wa kwanza.

Ofisi yenye kompyuta 120 italipa dola 7,320 mwaka wa kwanza, na dola 51,240 kwa miaka yote mitatu. Tukichukua shilingi 130 za Kenya kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 6.6. Na kinachonunuliwa ni viraka vya usalama tu. Hakuna huduma mpya inayoongezwa, na mwisho wa miaka mitatu kompyuta zitakuwa zilezile, zimezeeka miaka mitatu zaidi.

Ofisi nyingi hazina sababu ya kulipa pesa hizo zote. Kinachoamua zitalipa kiasi gani ni kazi ya mtu wa IT anayejua kusimamia mifumo endeshi: azihesabu kompyuta, aziwashe moja moja, aandike kila moja ina nini ndani. Kazi hii haina mvuto, na wakubwa wengi huiona ya kupoteza muda. Mimi naiona ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote katika zoezi hili, na tarakimu zinaniunga mkono.

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Windows 11 ikafuata tarehe 5 Oktoba 2021, nayo ni bure kwa mwenye leseni halali ya Windows 10, mradi mashine yake ikubaliwe. Ugumu uko kwenye hilo la kukubaliwa. RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64 karibu kila mtu anazo. Wengi wanakwama kwenye kichakataji na chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0. Kwa Intel, ukiacha vichakataji vichache sana, ni lazima kiwe cha kizazi cha nane kwenda mbele, na kizazi hicho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Kwa AMD, hesabu inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Desemba 2023 kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta milioni 240 duniani zinaweza kuishia kuwa taka kwa sababu ya masharti haya.

Kwetu Afrika Mashariki masharti hayo yanauma kwa namna yake, kwa kuwa ofisi nyingi, shule na wafanyabiashara wadogo wanatumia kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya au Ghuba, zile ambazo Nairobi wanaziita ex-UK. Kampuni ya kule hubadilisha kompyuta zake baada ya miaka michache, nazo huja kuanza maisha ya pili huku. Kwa hiyo kizazi kinachokataliwa ndicho kilichojaa mezani kwetu: HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita, G4 ni cha saba. G5 kwa kawaida ni cha nane. Kwa Lenovo, ThinkPad T470 inabaki nje na T480 inaingia, lakini usiamini maandishi ya kwenye kifuniko, kwa sababu hata T480 ziko zilizouzwa na kichakataji cha kizazi cha saba.

Soma jina la kichakataji chenyewe. i5-6300U: baada ya kistari inaanza 6, basi ni kizazi cha sita. i5-8350U ni cha nane. Tarakimu zikiwa tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: cha kumi. Mnunuzi anayelijua hili hauziwi mashine iliyokwisha muda kwa bei ya mashine yenye miaka mbele yake, na natamani kila mhasibu wa shule alijue kabla hajatia sahihi hati ya malipo.

Sasa turudi kwenye zile kompyuta 120. Tuseme hesabu imefanyika, na zimepatikana 45 za kizazi cha nane au zaidi, na 75 za chini ya hapo. Zile 45 zinaingia Windows 11 bila kulipa leseni yoyote. Lakini tuseme kati yake 12 zinajibu kwamba hazifai, na hapa ndipo ofisi nyingi hutupa pesa, kwa sababu mtu anaona neno la kukataliwa kwenye skrini na papo hapo anaandika ombi la kununua mpya.

Ifungue moja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32. Tafuta mstari wa BIOS Mode. Ukikuta umeandikwa Legacy, mashine inawaka kwa njia ya kizamani, na diski yake bila shaka imepangwa kwa mtindo wa MBR. Mashine yenyewe haina kasoro. Aliyeweka Windows miaka iliyopita aliiweka hivyo. Andika tpm.msc. Ukiambiwa hakuna TPM, mara nyingi ipo ila imezimwa. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, uitafute; kwa Intel inaitwa PTT na kwa AMD fTPM. Diski nayo inageuzwa kwa zana iliyomo ndani ya Windows 10 yenyewe, mbr2gpt, bila kufuta data. Kwanza iendeshe na neno /validate ili ikuambie kama diski inakubalika, maana ikiwa na sehemu kuu zaidi ya tatu itakataa. Ikikubali, iendeshe na /convert, kisha rudi BIOS ubadilishe iwake kwa njia ya kisasa, UEFI, na washa Secure Boot.

Chukua nakala ya data kabla ya yote hayo. Na kama mashine ina BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski kwa ufunguo wa siri, isimamishe kwa muda kabla ya kugusa BIOS. Ukisahau, mashine ikiwaka itakudai ufunguo wa tarakimu 48, na kama hakuna aliyeuhifadhi popote, data za miaka mingi zimekwenda na hazirudi.

Kwa kazi hiyo, kompyuta 12 zimeokolewa. Kununua mbadala wake, hata iliyotumika, kwa dola 250 kila moja, kungegharimu dola 3,000.

Zinabaki 75. Kuzilipia viraka miaka mitatu ni dola 32,025. Kuzibadilisha zote kwa hizo zilizotumika za dola 250 ni dola 18,750. Ukiangalia mashine moja unaona mahali hesabu inapogeuka: mwaka wa kwanza umetoa 61, ukimaliza wa pili umetoa 183, na bado uko chini ya bei ya kununua. Mwaka wa tatu peke yake unadai 244, karibu bei nzima ya mashine inayokubali Windows 11. Kwa maoni yangu mwaka huo wa tatu haustahili kulipwa na ofisi ya kawaida hata kidogo. Ni wa wenye mashine maalumu, tuseme inayoendesha kifaa cha maabara ambacho programu yake haijawahi kuandikwa upya.

Njia ninayoiona inabebeka ni ya awamu mbili. Mwaka wa kwanza badilisha 40, ambazo ni dola 10,000, na zile 35 zilizobaki zilipie viraka, dola 2,135. Mwaka unaofuata badilisha hizo 35, dola 8,750. Jumla ni dola 20,885. Unalipa dola 2,135 zaidi ya aliyebadilisha zote kwa mkupuo, lakini bajeti haikuumizi mwaka mmoja, na mashine zote zimekuwa zikipata viraka muda wote.

Shule zina mlango wao, na nasikitika kwamba wengi hawaujui. Bei ya elimu ni dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu. Maabara ya kompyuta 40 inalipa dola 280 kwa miaka mitatu. Kwa bei ya kampuni ingekuwa dola 17,080. Sharti ni kwamba shule inunue kupitia mkataba wa leseni za elimu, kwa hiyo mwalimu wa TEHAMA aanze kwa kumuuliza muuzaji kuhusu mkataba huo kabla hajauliza bei.

Wa nyumbani naye ana wake: dola 30 kwa mwaka mmoja, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na leseni hiyo inahudumia hadi vifaa 10 vya akaunti moja. Anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft halipi chochote. Mlango huu haukuwekwa kwa kompyuta za kazini, na mashine iliyounganishwa na domeini ya ofisi haipokelewi.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye ankara yoyote, nayo ni intaneti. Faili la kuweka Windows 11 lina gigabaiti 5 na zaidi. Kompyuta 45 zikijipakulia kila moja lake, ni gigabaiti 225. Laini ya megabiti 20 kwa sekunde hupitisha kama gigabaiti 9 kwa saa, kwa hiyo utaiziba saa 25, na wakati huo hakuna barua pepe inayokwenda vizuri. Pakua mara moja kwa dakika 35 hivi, weka kwenye seva ya ndani au kwenye flashi, na tatizo limekwisha. Kwa masasisho ya kila mwezi, yanayotoka Jumanne ya pili, Windows ina mpangilio uitwao Delivery Optimization, unaoziwezesha kompyuta za mtandao mmoja kugawana kilichokwisha kupakuliwa. Panapolipiwa intaneti kwa gigabaiti, mpangilio huo ni pesa taslimu.

Na asiyelipa, asibadilishe, aendelee tu? Tunao mfano wenye tarakimu kamili. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea hadi kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150 hivi. Nchini Uingereza kilivuruga angalau taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya, na miadi ya wagonjwa iliyofutwa ilikadiriwa kuwa zaidi ya 19,000. Serikali yao ilikadiria hasara ya pauni milioni 92. Kati ya hizo, milioni 72 zilitumika baada ya shambulio lenyewe, kurudisha mifumo na data.

Watu wengi hudhani zilizoanguka zilikuwa Windows XP zilizopitwa na wakati. Hapana: nyingi mno zilikuwa Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa ndani ya muda wake wa huduma. Kiraka cha kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia kilitolewa bure tarehe 14 Machi 2017, siku 59 kabla. Kilikuwepo, hakikuwekwa. Ndiyo maana sikubali kwamba suala hili ni la bei ya leseni peke yake. Ofisi inayolipa dola 61 kwa mashine na haina anayehakikisha kwamba kiraka kimeingia imenunua karatasi.

Mtu huyo anafundishika, na gharama yake inajulikana. Mtihani wa Microsoft wa MD-102, uliochukua nafasi ya MD-100 na MD-101 mwaka 2023, bei yake nchini Marekani ni dola 165, na kwingine hutofautiana. Alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1,000, na cheti huhuishwa kila mwaka bila malipo. Mtihani wa pili wa CompTIA A+, namba 220-1202, unatoa asilimia 28 kwa mifumo endeshi na asilimia 28 nyingine kwa usalama. Yale niliyoeleza ya TPM, BitLocker na masasisho ndiyo yanayoulizwa humo. Viraka vya mwaka wa kwanza kwa mashine tatu ni dola 183, zaidi ya ada ya MD-102. Mwajiri anayesita kumlipia kijana wake mtihani huku akitia sahihi malipo ya viraka vya mashine 120 hajazipanga pesa zake vizuri. Na kijana asisubiri darasa: Microsoft hutoa Windows 11 Enterprise ya majaribio ya siku 90 bure, ajifunzie humo kuharibu na kutengeneza kabla hajagusa kompyuta ya mhasibu.

Akimaliza kuhamisha zile 45, aongeze safu moja kwenye orodha yake: namba ya toleo. Windows 11 Home na Pro hupewa viraka kwa miezi 24 tu kwa kila toleo, Enterprise na Education miezi 36. Toleo la 23H2 la Pro lilifungwa tarehe 11 Novemba 2025, hata mwezi mmoja haukupita tangu Windows 10 ifungwe, na 24H2 limepangiwa tarehe 13 Oktoba 2026. Kuhamia toleo linalofuata ni bure, ila ni lazima pawe na mtu anayejua ni kompyuta ipi bado haijahama.