Hata unywe kahawa ndoo nzima, ini halina haraka

NI saa nane usiku, sherehe imeisha na funguo za gari ziko mezani. Beshte yako anasema hana shida: atakunywa kahawa chungu, aoge maji baridi, kisha aendeshe. Kabla hujaingia kwenye hilo gari, sikiza somo la kemia ulilosinzia kidato cha nne.

Mmenyuko wa kemikali hutokea chembe zinapokutana. Wanakemia huuliza: katika hatua moja, ni chembe ngapi zinazohusika? Wakati mwingine ni moja inayovunjika yenyewe. Mara nyingi ni mbili zinazogongana. Tatu kukutana kwa mpigo mmoja ni nadra, sawa na marafiki watatu kufika miadi kwa dakika ileile.

Ndiyo maana kwa kawaida ukiongeza chembe, migongano huongezeka na mmenyuko huenda kasi zaidi. Basi mtu angedhani ukinywa sana, ini litafanya kazi haraka zaidi. Wapi!

Pombe kwenye ini huvunjwa kwa msaada wa kimeng'enya. Kila molekuli ya pombe lazima ipate nafasi juu yake. Fikiria stejini kuna matatu moja tu ya abiria 14. Wawe 20 au 200 wanaosubiri, itabeba 14 kila safari. Hali ni hiyo hiyo: baada ya chupa chache, nafasi zote hujaa, na kasi haipandi tena hata uongeze chupa ngapi.

Kwa watu wengi, kiwango cha pombe hushuka kwa takriban miligramu 15 hadi 20 katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Sasa piga hesabu. Beshte yako akiacha kunywa saa nane usiku akiwa na miligramu 150, na zikishuka 15 kila saa, saa mbili asubuhi bado ana 60. Atafika sufuri saa sita mchana!

Na kahawa je? Haiongezi kiti hata kimoja kwenye ile matatu. Inakuamsha tu, ukawa mlevi aliye macho. Maji baridi nayo hayabadilishi kitu ndani ya ini.

Foleni hiyo hiyo ndiyo huokoa maisha mtu anapokunywa pombe haramu yenye methanoli, kama ile iliyoua zaidi ya watu 100 mtaani Mukuru, Nairobi, mwaka 2000. Methanoli yenyewe si hatari sana hadi kimeng'enya kiigeuze, na mwishowe iwe asidi ya fomiki, inayopofusha na kuua. Daktari anaweza kumpa mgonjwa dawa ya fomepizoli, inayokalia viti vyote ili methanoli ikose pa kupanda na itolewe mwilini polepole. Lakini hiyo ni kazi ya hospitali, si ya kujaribu kwa keja. Mtu akianza kuona ukungu baada ya kunywa, usingoje kukuche. Mkimbize.

Kwa beshte yako, dawa ni moja tu: muda. Chukua funguo, mtandikie kochi, alale.