Amana ya Wananchi Katika Wingu la Kompyuta

Si ajabu siku hizi kumsikia mtendaji akitamka kwa kujiamini kwamba kumbukumbu za ofisi yake zimo "katika wingu", kwa hivyo ziko salama. Kauli hiyo inatutia wasiwasi. Wingu hilo haliko mbinguni. Ni majumba ya kompyuta ya makampuni, nasi tukihamia humo huwa wapangaji tu. Mwenye nyumba hulinda kuta, umeme na mitambo. Nani aingie chumbani na afungue kasha lipi, hayo ni juu ya mpangaji.

Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ililipa gharama ya jambo hilo. Programu zake zilikuwa katika wingu la kampuni ya Amazon. Kizuizi kilichowekwa kuchuja maombi yatokayo nje kilikuwa kimepangwa vibaya. Mtu mmoja akakihadaa, nacho kikamletea hati za kuingilia ndani. Hasara ingeliweza kuishia hapo. Lakini kizuizi hicho kilikuwa kimepewa ruhusa ya kusoma maghala ya kumbukumbu. Bawabu wa mlangoni ana kazi gani na funguo za hazina? Hata zile habari zilizofichwa kwa maandishi ya fumbo zilifumbuliwa kwa ruhusa hiyo hiyo. Watu wapatao milioni 100 wa Marekani na wapatao milioni 6 wa Kanada waliguswa. Wizi ulifanyika Machi; benki haikujua hadi Julai, tena kwa kuarifiwa na mtu wa nje. Mwaka 2020 ilitozwa faini ya dola milioni 80. Aliyetozwa ni mpangaji.

Liko na suala la shehena. Programu za sasa hukatwa vipande, kila kipande kikafungwa katika kontena lake. Bandarini hatupokei kontena lisilo na hati ya vilivyomo, lakini katika kompyuta tunapokea. Ilipotangazwa kasoro kubwa katika kipande kiitwacho Log4j, Desemba 2021, ofisi nyingi duniani zilihangaika kutafuta iwapo wanacho, na kiko wapi.

Mwananchi wa Micheweni anayetoa jina lake na alama za vidole vyake hakuulizwa kama anataka wingu. Ametoa amana, na aliyeipokea ni Serikali, siyo kampuni ya ng'ambo.

Kwa hiyo mkuu wa idara, kabla hajatia saini mkataba, na awaulize mafundi wake, tena ajibiwe kwa maandishi: kila programu ina ruhusa zipi, na ipi kati ya hizo haihitaji? Nywila zimehifadhiwa mahali pake, au zimeandikwa ndani ya programu yenyewe? Nani husoma daftari la walioingia, na hulisoma kila siku au siku ya msiba? Na mfanyakazi aliyehamishwa mwezi uliopita, funguo zake zimekwisha kufutwa?