Mashahidi Wawili wa Mshtarii

Sisi watu wa visiwani twaijua thamani ya shahidi. Kila mwezi mwandamo unapongojewa huulizwa: nani kauona, kauonea wapi, na je, yuko mwingine? Mtu mmoja huenda amedanganywa na kipande cha wingu. Lakini wawili wasiokuwa pamoja wakileta habari moja, maneno yao huwa na uzito. Katika safu hii leo tunapenda kuzungumza juu ya ushahidi wa aina hiyo, ila haukuhusu mwezi, bali sayari ya Mshtarii. Na mmoja wa mashahidi wenyewe ni mtu wa kisiwani kama sisi.

Tarehe 3 Juni 2010, kwa saa za Greenwich, Bwana Anthony Wesley wa Australia alikuwa akiipiga picha Mshtarii kwa darubini yake mwenyewe. Mara mwanga ukawaka juu ya uso wa sayari ile, ukadumu kiasi cha sekunde mbili, ukazimika. Akaitangaza habari hiyo. Kule Cebu, katika visiwa vya Ufilipino, Bwana Christopher Go, mfanyabiashara wa samani, alikuwa ameielekezea Mshtarii darubini yake alfajiri ile ile. Akazirudia picha zake, akaukuta mwanga ule ule, mahali pale pale na kwa wakati ule ule. Kwa hiyo haikuwa hitilafu ya kamera, wala kitu kilichopita karibu na dunia yetu, kwani kitu cha karibu kisingeweza kuonekana mbele ya Mshtarii kutoka Australia na Ufilipino kwa pamoja. Wataalamu walipoupima ung'avu wake walikadiria kuwa ni jiwe la mita 10 hivi lililoungulia katika hewa ya sayari hiyo.

Hiyo haikuwa bahati ya mara moja. Go ndiye aliyetambua, Februari 2006, kwamba dhoruba moja kubwa ya Mshtarii, ambayo ilikuwa nyeupe tangu ilipokamilika mwaka 2000 kwa kuungana dhoruba tatu, imegeuka nyekundu. Wesley ndiye aliyeliona, tarehe 19 Julai 2009, doa jeusi lililoachwa na kitu kilichoigonga sayari hiyo. Mara zote mbili darubini ya Hubble, iliyoko angani, ilielekezwa huko baada ya wao kusema.

Yafaa tueleze jinsi kazi hii inavyofanywa. Aitazamaye sayari kwa darubini hufanana na mtu aitazamaye sarafu iliyo chini ya maji ya pwani: hewa haitulii, na sura huchezacheza. Zamani mpigaji picha alifungua kamera, akangoja, na mchezo wote ule ukachanganyika katika filamu. Hata iliposafishwa, sura ilitoka na ukungu. Siku hizi kamera hupiga makumi ya picha kwa kila sekunde, kwa dakika mbili au tatu, hata zikapatikana maelfu. Kompyuta huzipanga kwa ubora, ikaziweka kando zile za wakati hewa ilipochafuka, kisha ikazilinganisha zilizobaki na kuzilaza moja juu ya nyingine. Chenga za picha moja hazifanani na za nyingine, basi hufifishana. Picha 100 zikiunganishwa, chenga hupungua mara 10. Ndipo mikanda ya mawingu inapokolezwa hadi ikaonekana. Wala hapana nafasi ya kukawia, kwa sababu Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda usiotimia saa kumi, na alama zake husogea upesi.

Katika kukoleza huko ndiko kwenye mtihani. Mwenye tamaa ya uzuri akizidisha kidogo, kompyuta itamzalia pete na mistari isiyokuwapo. Wanadamu tulikwisha anguka katika shimo hilo kabla ya kompyuta: kuanzia mwaka 1877 Schiaparelli wa Italia alichora mistari katika Mirihi, na Lowell wa Marekani akaifanya mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Chombo cha Mariner 4 kilipopita huko mwaka 1965 na kupiga picha, hapakuonekana mfereji.

Na kuna jambo la pili, ambalo kwa maoni yetu ni kubwa zaidi. Mwanga wa sekunde mbili, ukichanganywa na dakika mbili za picha, humezwa. Katika ile picha nzuri ya mwisho, ya kutundikwa ukutani, usingeonekana. Lau Go angelikwisha kutengeneza picha hiyo moja na kuyafuta yale maelfu, asingelikuwa shahidi wa lolote.

Msomaji atauliza, yatuhusu nini? Mwanga ule ulipowaka, kwetu ilikuwa kama saa tano na nusu usiku, na Mshtarii ilikuwa haijachomoza. Lakini Cebu iko mashariki ya Unguja kwa kiasi cha nyuzi 85, yaani saa tano na zaidi. Kule kunapokucha, kwetu ungali usiku, na katika saa hizo Mshtarii hujigeuza zaidi ya nusu ya mzunguko wake. Aidha, sayari hupita juu sana kwetu. Mwaka 2019 Mshtarii haikupanda London zaidi ya nyuzi 17 kutoka kwenye upeo, ambako hewa ni nene na yenye vurugu. Hapa Unguja ilipanda kupita nyuzi 70. Darubini ambayo Go aliitumia mwaka 2010 ilikuwa na upana wa inchi 11 tu.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuonyeshwa darubini katika skuli moja. Ilikuwa kabatini, nyuma ya kioo, kifuniko chake kimeanguka na lenzi imeota kuvu kwa unyevu wa bahari. Tulipotaka itolewe tuipanguse, tuliambiwa ufunguo anao mwalimu aliyehamishwa. Tunawaomba wanaohusika waanze na ufunguo huo.