Beki Asiyepanda Mbele: Abaki au Aende Zake?

Na MWANDISHI WETU

PENYE wengi pana mengi. Keti jioni ya Jumapili kwenye maskani yoyote ya Likoni, pale kahawa chungu inapomiminwa vikombeni, na hutakosa kusikia swali hili likizuka: je, beki wa pembeni anayejua kukaba tu, asiyepanda kushambulia, bado ana nafasi katika kandanda ya siku hizi?

Panda matatu uende Changamwe, au zunguka hadi Kisauni, utakuta ubishi ni ule ule. Vijana husema huyo amepitwa na wakati. Wazee nao huuliza kazi ya beki ni ipi kama si kulinda lango. Sauti hupanda, kahawa hupoa, na watu hurejea makwao bila kukubaliana.

Huenda wewe msomaji ukadhani hizo ni porojo za kupitisha wakati. Sivyo. Msimu unapomalizika, kila timu hukaa kuamua nani atabaki na nani atapewa mkono wa buriani. Kwa kijana aliyeweka matumaini yake yote kwenye njumu, uamuzi huo si mchezo.

Huko Kisauni, timu moja ya mtaa ilikaa kitako baada ya mazoezi kujadili jambo hilo hilo. Aliyejadiliwa alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minane, mvaaji wa jezi nambari mbili. Kosa lake lilikuwa nini? Si kwamba mawinga walikuwa wakimpita. Kumpita yeye ilikuwa kazi ngumu, na hata wapinzani walikiri. Lakini kila alipoupokonya mpira aliurudisha kwa kipa au kumpa beki wa kati, kisha akabaki pale pale kama nanga. Mashabiki wakawa wanamzomea. Baadhi ya wakubwa wa timu wakataka jezi yake apewe mwenzake mwenye mbio na anayejua kupiga krosi. Kijana mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo akifungua kamba za njumu, kichwa amekiinamisha, akisikia kila neno.

Je, wewe ungeamuaje?

KISA CHA BUIBUI

Kabla hujatoa hukumu, tazama yaliyompata Aaron Wan-Bissaka, mchezaji ambaye amewagombanisha mashabiki wengi wanaofuata ligi ya Uingereza. Alizaliwa Croydon, jijini London, Novemba 1997, katika familia yenye asili ya Kongo. Alipokuwa chipukizi wa Crystal Palace alicheza kama winga, halafu akageuzwa kuwa beki wa kulia. Akageuka kweli kweli. Miguu yake mirefu iliyonasa mipira ya mawinga ikamfanya abandikwe jina la Buibui.

Juni 2019 Manchester United ilimnunua kwa pauni milioni 45, pamoja na nyongeza ambayo ingefika milioni 5. Mashabiki walishangilia. Muda si muda, waliomshangilia wakaanza kunung'unika. Walisema ni ukuta, naam, lakini ukuta haupigi krosi. Katika miaka yake mitano na mechi 190 alifunga mabao mawili tu. Msimu wa 2022/23 ulipoanza, nafasi yake ilichukuliwa na Mreno Diogo Dalot, naye akala benchi kwa miezi. Wengi waliamini safari yake imefika kikomo.

Mambo yakageuka. Baada ya Kombe la Dunia la Qatar alirudishwa uwanjani. Februari 2023, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Newcastle, Dalot alipata taabu kumzuia winga Allan Saint-Maximin na akaonyeshwa kadi ya manjano. Kipindi cha pili kilipoanza, aliyeingizwa kuziba pengo alikuwa yule yule aliyesemwa kwamba hafai. United ilishinda 2-0. Mei 2024 alikuwa katika kikosi kilichoanza fainali ya Kombe la FA na kuilaza Manchester City 2-1.

Hata hivyo, miezi michache baadaye, Agosti 2024, aliuzwa kwa West Ham kwa kiasi cha pauni milioni 15. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule ya msingi ataiona ni ya hasara.

Mwisho wa Novemba mwaka huo huo, Wan-Bissaka alifunga dhidi ya Newcastle, na kabla ya wiki kwisha akafunga tena dhidi ya Arsenal. Mabao mawili! Idadi ile ile aliyoipata United kwa miaka mitano. Mwaka wa 2025 aliamua kuichezea timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ya wazee wake.

Hapo ndipo penye swali. Je, miguu ya mtu hubadilika kwa miezi mitatu? Au kilichobadilika ni kazi aliyopewa na imani aliyowekewa?

KWA NINI BEKI AKATAKIWA KUPANDA

Tusiwaonee wanaotaka beki mshambuliaji. Wana hoja, tena nzito.

Zamani winga alishikilia mstari wa pembeni, akimbie hadi karibu na kibendera cha kona, apige krosi. Siku hizi mawinga wengi huingia ndani kutafuta bao wenyewe. Wakiingia ndani, upande unabaki mtupu. Wa kuujaza ni beki. Asipopanda, winga wake hukabwa na watu wawili au watatu, na wapinzani hujazana katikati bila wasiwasi wowote. Timu hushambulia kama ndege mwenye bawa moja.

Liverpool ilionyesha faida ya kuwa na mabawa yote mawili. Msimu wa 2018/19 beki wao wa kulia, Trent Alexander-Arnold, alitoa pasi 12 zilizozaa mabao katika ligi, na msimu uliofuata akatoa 13. Klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa Ulaya 2019 na wa ligi 2020. Ni nani angetaka beki kama huyo akae nyuma?

Lakini kila chenye faida kina gharama yake. Uwanja wa kawaida una upana wa mita 68. Mabeki wote wawili wa pembeni wakipanda kwa pamoja, eneo hilo huachiwa mabeki wawili wa kati. Mpira ukipotea mbele, wapinzani wenye mbio hupita nyuma ya beki aliyepanda kama maji yapitavyo penye ufa. Huyo huyo Alexander-Arnold alilaumiwa mara nyingi kwa mwanya aliouacha nyuma yake, hadi alipohamia Real Madrid mwaka wa 2025. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wakati wengine wakitafuta mabeki wa kupanda, Pep Guardiola wa Manchester City alifanya kinyume. Msimu wa 2022/23 aliwachukua Nathan Aké na Manuel Akanji, watu waliozoea kucheza beki ya kati, akawapanga pembeni. City ikanyakua ligi, Kombe la FA na ubingwa wa Ulaya. Arsenal nao walimtoa Ben White katikati wakampeleka kulia. Kwa hivyo anayesema beki wa kukaba amepitwa na wakati, na atueleze kuhusu City ile.

NAFASI NI CHACHE

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe ni wengi, nafasi katika klabu kubwa ni chache. Bandari, klabu inayofadhiliwa na halmashauri ya bandari, imekuwa ndoto ya wengi wao. Klabu hiyo ilitwaa kombe la taifa mwaka wa 2015 na tena 2019. Kuvaa jezi yake pale Mbaraki ni heshima mtaani.

Lakini waulize watoto uwanjani nani anataka kucheza beki ya pembeni. Wote watanyamaza. Kila mmoja anataka kufunga. Nambari mbili hupewa asiye na mtetezi, kisha huyo huyo ndiye azomewaye. Tukiwafukuza wachache waliojifunza kukaba, kesho tutamtoa wapi wa kumzuia winga mkali?

Wazazi nao wasikate tamaa kwa sababu mwana wao hafungi mabao. Aboud Omar, mzaliwa wa Mombasa, ni beki wa kushoto. Kazi hiyo ya ulinzi ilimfikisha Slavia Sofia ya Bulgaria na Cercle Brugge ya Ubelgiji, mbali na kuichezea Harambee Stars. Wapo mafowadi wengi waliosifiwa mtaani ambao hawakuvuka hata Mtito Andei.

ABAKI, LAKINI...

Rai ya mwandishi wa makala haya ni kwamba beki huyo abaki. Anayezuia bao moja amefanya kazi sawa na aliyefunga bao moja, ingawa hapigiwi vigelegele.

Lakini kubaki kuwe na masharti kwa pande zote mbili. Mchezaji asijifiche nyuma ya sifa ya kukaba. Kukaba ni nusu ya kazi, na nusu ya pili hufundishika. Mkufunzi naye ampe mtu kazi anayoiweza. Kama beki wa kulia hapandi sana, basi wa kushoto apande, au winga wa kulia ashikilie pembeni badala ya kuingia ndani. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na mkufunzi mwerevu ni yule anayejua ni upi wa kurukia na ni upi wa kujikinga. Mashabiki nao wahesabu mipira iliyookolewa kabla ya kuanza kuzomea.

Kule Kisauni, kikao kilikwisha jua likizama. Waliotaka kijana aondoke hawakuridhika sana, lakini walikubali apewe msimu mmoja zaidi. Sharti lilikuwa moja: kila baada ya mazoezi atabaki kupiga krosi ishirini, na winga wake atabaki naye kuzipokea. Watu walipoanza kutawanyika, kijana alikuwa ameinama tena, safari hii akifunga kamba za njumu. Mkufunzi alikuwa tayari anampangia mipira.

Krosi ya kwanza ilipaa ikaishia nyuma ya lango. Hakuna aliyezomea.