Kuendesha Ligi ya Kata kwa Simu (2): Daftari Moja, Macho ya Wote

Wiki iliyopita tuliunda kamati. Leo tuingie kwenye kumbukumbu, maana ligi nyingi za mtaani huvunjikia kwenye daftari la katibu kabla hazijavunjikia uwanjani.

Chukua ligi ya timu kumi za Manispaa ya Mpanda, kuanzia Makanyagio na Nsemulwa hadi Kakese na Mwamkulu. Zikikutana mara moja moja, ni mechi 45, na kila mechi ina matokeo, wafungaji na kadi zake. Ukiyamwaga yote kwenye grupu la WhatsApp, kufikia raundi ya nne yamefukiwa na salamu, pongezi na ubishi wa Simba na Yanga. Grupu liachiwe mazungumzo.

Kumbukumbu ziwekwe kwenye jedwali la pamoja la mtandaoni, kama Google Sheets, ambalo ni la bure na linafunguka kwenye simu. Katibu na msaidizi wake wapewe ruhusa ya kuandika. Makocha, manahodha na marefa waone tu. Kurasa tatu zinatosha: ratiba, msimamo na usajili.

Uzito wa chombo hiki uko kwenye historia ya mabadiliko. Tuseme matokeo ya 2–1 yamegeuka 2–2 usiku. Ukifungua historia unaona akaunti iliyobadilisha, tarehe na saa, kisha unarudisha yaliyokuwapo. Timu iliyokuja na rufaa na hasira inaoneshwa ushahidi papo hapo.

Kwenye usajili ndiko mamluki hunaswa: jina, timu na namba ya jezi vikiwa wazi tangu siku ya kwanza, mchezaji hawezi kuibukia Kawajense Jumamosi na Nsemulwa Jumapili. Ila namba za NIDA na za simu zisianikwe humo. Zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Abaki nazo katibu.

Mvua za Katavi, Novemba hadi Aprili, hupangua ratiba ovyo, hasa timu ikitoka mbali. Mechi ikiahirishwa, badilisha tarehe kwenye jedwali kwanza, ndipo utangaze kwenye grupu. Jedwali lihifadhiwe pia ndani ya simu ili lisomeke mtandao ukikatika, na kila Jumatatu nakala ya karatasi ibandikwe ofisi ya kata, kwa wachezaji wenye simu za vitochi.

Wiki ijayo: kupanga marefa na kukusanya ada kwa simu.