Blogu ya Kiswahili kama Biashara ya Mtandaoni: Uchambuzi wa Njia za Mapato kwa Mtazamo wa Kigwa, Mkoani Tabora

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna blogu ya Kiswahili inavyoweza kuendeshwa kama biashara ya mtandaoni yenye faida. Hoja kuu ni kwamba faida ya blogu haitokani na wingi wa wasomaji peke yake, bali hutokana na uhusiano kati ya mwandishi, msomaji mahususi na mlipaji anayemhitaji msomaji huyo. Hoja hiyo inajengwa kwa kuangalia chimbuko la blogu za Kiswahili, hesabu ya mapato ya matangazo, gharama za leseni zilizowekwa mwaka 2018 pamoja na namna malipo yanavyomfikia mwandishi. Kata ya Kigwa, wilayani Uyui, imetumika kama kipimo: je, mwandishi anayeishi katika kata kama hiyo anaweza kupata riziki kwa blogu?

1.0 Utangulizi

Blogu ni tovuti ambayo mmiliki wake huchapisha maandishi, picha au video mara kwa mara, na maandishi mapya hutangulia yaliyopita. Neno hili limetoholewa kutoka Kiingereza. Mwandishi Ndesanjo Macha, mmoja wa waasisi wa uandishi huu kwa Kiswahili, alitumia pia istilahi ya gazeti tando, ambayo inaonesha kwamba waanzilishi waliiona blogu kama gazeti lisilohitaji mtambo wa kupigia chapa.

Maelezo mengi yanayosambaa kuhusu blogu kama biashara humwahidi kijana kwamba akifungua blogu ya bure, akaandika kila siku na kuweka matangazo, fedha zitakuja zenyewe. Ahadi hiyo ina gharama. Kijana wa kijijini hununua vifurushi vya intaneti kwa fedha ambazo zingenunua mahitaji ya nyumbani, na huweza kupoteza mwaka mzima kabla ya kutambua kwamba hesabu haikuwa upande wake tangu mwanzo. Kwa hiyo, swali la nani hasa humlipa mwandishi wa blogu, na kwa njia gani, linastahili kujibiwa kwa hesabu.

2.0 Kigwa na Somo la Njia ya Misafara

Kigwa ipo mashariki mwa mji wa Tabora. Katika karne ya 19 ilikuwa miongoni mwa vituo vya njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, na inatajwa katika maandishi ya wasafiri waliopita huko, akiwamo Henry Morton Stanley mwaka 1871. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba kutoka pwani na kurudi na pembe za ndovu. Biashara hiyo iliambatana pia na utumwa, na kwa sababu hiyo haitazamwi hapa kama mfano wa kuigwa. Inatazamwa kwa kuwa inafafanua mambo matatu kuhusu biashara yoyote inayotegemea njia ndefu.

Kwanza, mzigo haukuwa na thamani moja kila mahali. Kila eneo lilikuwa na aina ya shanga iliyopendwa na watu wake, na msafara uliobeba aina isiyotakiwa uliweza kukosa chakula huku ukiwa na mizigo tele. Pili, waliotawala njia walitoza hongo, na faida ya mfanyabiashara ilipungua katika kila kituo cha kulipia. Tatu, njia iliweza kufungwa. Vita kati ya Mirambo na wafanyabiashara wa Unyanyembe, vilivyoanza mwaka 1871, vilikata njia ya kwenda Ujiji, na mwenye kutegemea njia hiyo moja alikwama. Mambo haya matatu, yaani mzigo unaotakiwa, tozo za njiani na hatari ya njia kufungwa, yanaongoza uchambuzi unaofuata.

3.0 Chimbuko la Blogu za Kiswahili na Mlipaji wa Kwanza

Huduma ya Blogger, iliyoanzishwa mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, ilimwezesha mtu asiye na ujuzi wa programu kufungua blogu bila malipo. Nchini Tanzania, mfano uliojulikana zaidi ni Blogu ya Michuzi, iliyoanzishwa mwaka 2005 na mpigapicha wa magazeti Issa Michuzi. Blogu hiyo ilijaa picha za matukio ya nyumbani, kama vile hafla za kitaifa, harusi, misiba na mikutano. Watanzania waliokuwa ughaibuni waliitembelea ili kuona nyuso na mitaa waliyoiacha.

Jambo la kuzingatia katika mfano huu ni mpangilio wake wa kibiashara. Mzigo ulikuwa picha ambazo mpigapicha mzoefu, mwenye kuingia katika hafla hizo, aliweza kuzipata kwa urahisi kuliko wengine. Msomaji alikuwa anajulikana. Aidha, kampuni za Tanzania zilizotaka kuonekana na wasomaji hao ziliweza kuweka matangazo moja kwa moja katika blogu. Wasomaji walikuwa wengi, lakini wingi huo ulikuja baada ya uhitaji wao kutambuliwa. Mwigaji aliyechukua picha zilezile na kuzichapisha upya alipata sura ya blogu bila kupata nguzo zake.

4.0 Hesabu ya Matangazo ya Wakala

Njia ya mapato inayotajwa zaidi ni matangazo yanayowekwa na wakala wa kimataifa, hususani huduma ya Google AdSense iliyoanza mwaka 2003. Mmiliki wa blogu hutenga nafasi, wakala hujaza matangazo, na mapato hugawanywa baina yao. Malipo hutolewa pale tu salio linapofikia kiwango cha chini, ambacho kwa akaunti za dola ni dola 100.

Ili kuelewa uzito wa kiwango hicho, tuchukulie kwamba blogu inapata nusu dola kwa kila kurasa 1,000 zinazofunguliwa. Kiasi hiki ni cha mfano tu, kwani bei hubadilika kulingana na nchi ya msomaji, mada na msimu. Kwa kiasi hicho, mwandishi anahitaji kurasa zake zifunguliwe mara 200,000 ili afikie malipo ya kwanza. Mwandishi anayefunguliwa kurasa 500 kwa siku atasubiri siku 400.

Lugha nayo huingia katika hesabu. Katika miaka mingi ya mwanzo ya huduma hiyo, Kiswahili hakikuwamo katika orodha ya lugha zilizokubaliwa rasmi. Mwandishi wa Kiswahili alikuwa na wasomaji, lakini mlipaji hakuitambua lugha yao. Hali kadhalika, bei ya tangazo hufuata uwezo wa kununua wa anayelitazama, hivyo msomaji wa Uyui huthaminiwa na wakala kwa kiwango cha chini kuliko msomaji wa Marekani, hata kama amesoma makala kwa makini zaidi. Kwa lugha ya misafara, hizi ni shanga zilizopelekwa soko lisilozitaka.

5.0 Leseni kama Sehemu ya Mtaji

Mwezi Machi 2018, Serikali ya Tanzania ilichapisha Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta zinazohusu maudhui ya mtandaoni, zilizowataka wenye blogu kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ada zilikuwa shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni ya awali na shilingi 1,000,000 za mwaka. Kwa ujumla, mwaka wa kwanza ulihitaji shilingi 2,100,000, sawa na takribani dola 920 za wakati huo. Adhabu ya kukiuka kanuni ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Kwa bei ya mfano iliyotumika hapo juu, dola 920 zinahitaji kurasa kufunguliwa mara 1,840,000, kabla mwandishi hajanunua hata kifurushi kimoja cha intaneti. Mwezi Juni 2018 baadhi ya wamiliki, wakiwamo wa JamiiForums, walisitisha huduma zao kwa muda. Kwa blogu kubwa leseni ilikuwa gharama. Kwa blogu ndogo ilikuwa njia kufungwa. Kanuni hizo zilifuatiwa na Kanuni za 2020, ambazo nazo zimefanyiwa marekebisho. Hivyo basi, hatua ya kwanza ya anayekusudia kufungua blogu ni kusoma kanuni zinazotumika wakati huo na kutambua iwapo maudhui yake yanahitaji leseni, na ya daraja gani.

6.0 Malipo na Umbali

Mapato yaliyopatikana si lazima yawe mapato yaliyopokelewa. Salio la AdSense linapofikia dola 10, namba ya uthibitisho hutumwa kwa barua kwenye anwani ya mmiliki. Mahali ambapo watu wengi hupokea barua kupitia sanduku la posta la shule, kanisa au ofisi, namba hiyo huweza kuchelewa au kupotea. Aidha, kwa miaka mingi akaunti za PayPal zilizofunguliwa Tanzania ziliweza kulipa lakini hazikuweza kupokea malipo.

Kinyume chake, huduma za fedha kwa simu, zilizoenea nchini tangu mwaka 2008, humwezesha mfanyabiashara wa Tabora mjini kumlipa mtu wa Kigwa kwa dakika chache. Tofauti hii inaonesha kwamba mlipaji wa karibu ana thamani inayozidi kiasi anacholipa, kwa kuwa fedha yake hufika.

7.0 Muundo Unaowezekana kwa Blogu Ndogo

Kutokana na uchambuzi huo, tuchukulie blogu moja ya kufikirika inayoandikwa Kigwa kuhusu ufugaji nyuki. Mada hii ina mizizi katika mkoa wenyewe: misitu ya miombo ya Tabora inajulikana kwa asali, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo mkoani humo. Mwandishi anaweza kueleza aina za mizinga, msimu wa kurina, namna ya kuchuja asali isiharibike, na bei aliyoikuta sokoni wiki hiyo. Maarifa haya hayapatikani kwa urahisi kwa mtu anayeandika kutoka mbali.

Walipaji wake wanatambulika: fundi wa mizinga, muuzaji wa ndoo na vifungashio, mnunuzi wa asali kwa jumla, na mwenye duka la mavazi ya kurinia. Iwapo wanne hao watalipa shilingi 30,000 kila mmoja kwa mwezi, mapato ya mwaka yatakuwa shilingi 1,440,000. Kiasi hicho kwa njia ya wakala, kwa bei ya mfano na thamani ya dola ya mwaka 2018, kingehitaji kurasa kufunguliwa zaidi ya mara milioni 1.2. Kwa njia ya moja kwa moja kinahitaji wasomaji mia kadhaa ambao kweli hufuga nyuki.

Hata hivyo, hesabu hiyo haipaswi kupambwa. Kama blogu hiyo ingetozwa ada za mwaka 2018, ingepata hasara ya shilingi 660,000 katika mwaka wa kwanza, na katika mwaka wa pili ingebakiwa na shilingi 440,000, yaani chini ya shilingi 37,000 kwa mwezi. Matangazo, hata yale ya moja kwa moja, hayatoshi kuwa nguzo pekee. Faida huanza kuonekana pale mwandishi anapouza pia kitu chake mwenyewe: asali yake, mafunzo ya siku moja kwa wafugaji wapya, au kamisheni ya kuwakutanisha mnunuzi na kikundi cha wafugaji. Hapo blogu huwa kibaraza cha duka, mahali ambapo mnunuzi humjua muuzaji na kumwamini kabla ya kutoa fedha.

Uaminifu huo una masharti. Tangazo lililolipiwa lisichanganywe na ushauri, na bei ya soko isipindishwe ili kumfurahisha mnunuzi anayetangaza. Mfugaji aliyeuza ndoo ya asali kwa hasara kwa sababu ya bei iliyopotoshwa hatarudi kusoma, na atawaeleza jirani zake. Vilevile, mwandishi ahifadhi nakala za maandishi yake na namba za wateja wake nje ya huduma anayoitumia, ili siku huduma hiyo ikifungwa biashara isifungwe nayo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba blogu ya Kiswahili inaweza kuleta faida, lakini si kwa njia inayotangazwa zaidi. Matangazo ya wakala huhitaji wingi wa wasomaji ambao kata moja haina. Leseni huweza kumeza mapato ya mwaka mzima. Na malipo ya mbali huweza kukwama njiani. Kinachobaki mikononi mwa mwandishi wa Kigwa ni maarifa ya mahali pake, wasomaji anaowafahamu na walipaji anaoweza kuwafikia kwa simu. Kabla ya kuchagua jina la blogu, anapaswa kuwa na jibu la maswali matatu: ni nani anayehitaji maarifa haya, ni nani aliye tayari kumlipa kwa sababu ya msomaji huyo, na je, baada ya kuondoa leseni na vifurushi, kitabaki nini? Asiye na jibu la swali la tatu anaweza kuendelea kuandika kwa mapenzi yake, lakini asiache jembe kwa ajili ya blogu.